Ukipigiwa na Mtu wa Kamera na Ving'ora: Namna ya Kumjibu Bila Kumpa Ramani ya Nyumba Yako

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda sokoni nikaisahau simu kwenye chaja. Ikalia. Binti yangu wa pili, aliyekuwa likizo, akapokea. Alikuwa dada mmoja mwenye sauti laini, akasema anatoka kampuni ya ulinzi na wana ofa ya kamera na king'ora kwa wakazi wa Bweyogerere, kwetu hapa kando ya Kampala, Uganda. Kwanza ana maswali machache ya kujaza fomu. Mama yuko wapi? Sokoni, hurudi jioni. Baba je? Yuko kazini Karamoja, anakuja mwisho wa mwezi. Mna askari? Hapana. Mbwa? Alikufa mwezi wa tatu. Binti alijibu yote kwa adabu tuliyomfundisha wenyewe: mkubwa akikuuliza, unamjibu.

Jumamosi iliyofuata vijana wawili wakafika getini, wamevaa ovaroli, mmoja kabeba ngazi begani. "Mama ametuita tupime pa kuweka kamera." Kilichotuokoa ni kufuli. Ufunguo wa geti nilikuwa nao mimi kwenye mkoba. Binti akawaambia wasubiri anipigie, nikamwambia sijamwita mtu, na aliporudi dirishani walikuwa wameshaondoka. Ile namba nikaipiga jioni, imezimwa. Hadi leo sijui kama walikuwa wauzaji wenye papara au wezi.

Kutojua huko ndiko kulikonifanya niandike haya. Anayekupigia kuuza sabuni akikuhoji, hasara kubwa utakayopata ni sabuni usiyoihitaji. Anayekupigia kuuza ulinzi anauliza maswali yale yale ambayo mwizi angeyauliza, na kwa simu huwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo tusipoteze muda kubahatisha nani mkweli na nani mwongo. Wote tuwajibu sawasawa.

HATUA YA KWANZA: Muulize yeye kabla hajakuuliza wewe

Wanaopiga wamefundishwa kushika usukani. Salamu moja, kisha swali, kisha swali. "Nyumba ni yako au umepanga, nnyabo?" Ukishajibu moja, la pili linakutoka lenyewe. Mkatize mapema. Mimi nina maswali manne, na nayauliza kwa mpangilio huu:

"Kampuni yenu inaitwaje, jina lililosajiliwa?"
"Ofisi iko wapi, jengo gani, ghorofa ya ngapi?"
"Namba yangu mmeipata wapi?"
"Namba ya ofisi ni ipi, nipige mwenyewe?"

La tatu ndilo linalowatoa jasho. Wengine watasema "tumepewa na kompyuta", wengine "umechaguliwa". Mmoja aliniambia kwa ujasiri kabisa kwamba amepewa na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mwenyekiti wetu namfahamu, hata namba ya mkewe hukosea. Wenye ofisi ya kweli hawakosi jibu, hata kama ni jibu la aibu: kwamba walinunua orodha ya namba mahali fulani.

Kalamu iwe mkononi. Andika jina la aliyepiga, namba, saa na tarehe. Utavihitaji baadaye ikibidi kulalamika, na mtu akisikia "ngoja niandike" huwa anapunguza maneno.

HATUA YA PILI: Mambo ambayo hayatoki kinywani

Usiseme mko wangapi ndani. Usiseme nani yuko kazini na anarudi lini. Usiseme kama kuna mbwa, askari, waya wa umeme juu ya ukuta, kamera nyingine, au kama umewahi kuibiwa. Usitaje mtaa kwa undani, wala "karibu na msikiti, geti la bluu". Namba ya kitambulisho cha taifa haihusiki na bei ya kamera, na PIN ya pesa za simu haihusiki na kitu chochote duniani isipokuwa vidole vyako mwenyewe.

Hilo la kuibiwa lina mtego wake. Watakuuliza kwa huruma: "Pole, mmewahi kuvamiwa?" Ukisema ndiyo, wameshapata woga wa kuuzia. Ukisema hapana, watakuambia zamu yako inakuja. Watataja mtaa wa jirani, watataja panga, watataja watoto. Wizi upo Wakiso na Kampala, hakuna anayebisha, lakini anayekusimulia visa vya panga saa nne asubuhi huku akitaka jibu kabla ya Ijumaa anauza woga kwanza, kamera baadaye.

Ukibanwa, usidanganye sana, maana uongo unahitaji kumbukumbu. Jibu moja linatosha kwa maswali yote: "Mambo ya nyumba yangu siyazungumzii kwa simu." Akirudia swali, rudia jibu. Mara ya tatu, kata.

Jihadhari pia na maswali yanayokuja kwa mlango wa nyuma. "Fundi wetu akija kesho mchana atamkuta mtu?" Hapo anauliza kama nyumba huwa tupu mchana. "Tukutumie barua, unakaa ploti namba ngapi?" Hapo anataka mahali unapoishi. "Mzee yupo nizungumze naye?" Wengi tunajibu hapana papo hapo, na hapana hiyo imeshamwambia mengi. Sema: "Zungumza nami."

HATUA YA TATU: Kukata

Hili kwetu ni gumu kuliko linavyoonekana. Tumelelewa kusalimiana mpaka tuulizane habari za ng'ombe, na kumkatia mtu simu katikati ya sentensi ni kama kumfungia mgeni mlango usoni. Wauzaji wanalijua hilo. Ndiyo maana wanakuita mama, hajati, mzee, afande. Nimewahi kusikiliza dakika ishirini za habari za kamera zinazoona gizani kwa sababu tu kijana aliniamkia vizuri.

Njia iliyonifaa: shukuru, kataa, aga, kata, vyote kwa pumzi moja. "Asante mwanangu, sihitaji, msinipigie tena, kazi njema." Kidole kibonyeze kabla hajasema "lakini mama". Usitoe sababu. Ukisema "sina pesa", atakuletea malipo ya mwezi kwa mwezi. Ukisema "mpaka nimuulize mume wangu", ataomba namba ya mume. Ukisema "nina kamera tayari", umeshamwambia kilichopo ukutani. Kila sababu unayompa anaifanya ngazi ya kupandia.

Baada ya hapo izuie namba. Watapiga na nyingine, ndiyo, lakini kila laini inayozuiwa inawagharimu.

HATUA YA NNE: Mjue aliyekupigia, ikiwa umeshawishika

Huenda kweli unahitaji king'ora, na ofa ikakupendeza. Hakuna ubaya. Ila usiendelee na simu ile ile. Kata, kisha chunguza ukiwa umetulia.

Anza na namba yenyewe. Kama ni ya simu ya mkononi ya MTN au Airtel, anza kutuma kiasi kidogo kwa pesa za simu (*165# kwa MTN, *185# kwa Airtel). Jina la mwenye laini hutokea kabla hujaweka PIN. Lisome, kisha katisha. Aliyejiita meneja wa mauzo akitokea kwa jina lisilofanana hata kidogo na alilokupa, umeshapata jibu. Namba za mezani zinazoanza na 0414 au 0312 zinatia moyo kidogo, lakini zisikulaze usingizi.

Kisha kampuni. Usajili wa makampuni uko URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, na unaweza kuulizia huko kama jina hilo lipo. Kampuni za ulinzi za binafsi zina mlango wa pili wa kupita: leseni ya polisi, chini ya kanuni za 2013 za kusimamia mashirika ya ulinzi binafsi. Kwa hiyo anayekuuzia walinzi, au gari la kuja king'ora kikilia, muombe nakala ya leseni ya mwaka huu, kisha ipeleke kituo cha polisi cha kwenu na uulize. Fundi wa kamera wa pale mtaani anaweza asiwe na karatasi hiyo, na wapo mafundi wazuri wasio nayo. Lakini fundi wa mtaani hakupigii simu kukuambia ana kikosi cha kuitikia hatari kwa dakika tano.

Mwisho, nenda ofisini. Panda boda, fika. Ukikuta ghorofa waliyoitaja ni saluni, utakuwa umepoteza nauli tu.

HATUA YA TANO: Pesa na maandishi

Ofa nyingi za simu zina kitu cha bure. Kamera bure, kufungiwa bure, mwezi wa kwanza bure. Halafu kinatokea kitu kidogo cha kulipia leo: mafuta ya gari la fundi, "usajili", au amana ya kukushikia bei. Kiasi chenyewe kinapimwa vizuri, kikubwa cha kuwafaa na kidogo cha kukuaibisha ukikikataa. Usitume. Fundi anayetaka kazi atakuja kupima kwa gharama yake, na kama anatoza kupima, atatoza akiwa amesimama mbele yako na kitabu cha risiti.

Kuna jambo la sheria hapa linalosaidia sana na watu wengi hawalijui. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 inataka mkataba wa kitu kinachozidi pointi 25 za fedha uwe kwa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo ni chochote kinachopita shilingi 500,000, na mfumo wa kamera nne na king'ora unapita hapo bila shida. Basi mtu akikupigia wiki ijayo akadai "ulikubali kwa simu, mzigo umeshatoka stoo", asikutishe.

Ila sheria hiyo hiyo inahesabu ujumbe wa kielektroniki unaoweza kuhifadhiwa na kusomwa tena kuwa ni maandishi. Akikutumia maelezo kwa WhatsApp, nawe kwa adabu zako ukajibu "sawa, endeleeni", huenda umeandika zaidi ya ulivyodhani. Jibu "nimepokea, sijakubali chochote", au usijibu kabisa.

HATUA YA SITA: Wakifika getini bila kualikwa

Geti lisifunguliwe. Zungumza nao ukiwa ndani, geti limefungwa, hata kama jua ni kali na wamebeba vyombo. Sare na kitambulisho cha shingoni havithibitishi kitu, wachapaji wa Nasser Road, Kampala, wanakuchapia chochote unachotaka kabla chai haijapoa. Waambie waache karatasi chini ya geti. Mtu asiye na haraka ya kuingia ataiacha na kwenda zake. Akikazana, mpigie mwenyekiti wa LC1 ukiwa pale pale akisikia, na ikizidi, polisi ni 999 au 112.

Usimruhusu "apime tu". Anayepima kamera anatembea nyumba nzima, anaangalia madirisha yasiyo na nondo, anauliza umeme unaingilia wapi. Hiyo ni kazi ya mtu uliyemchagua na kumwita mwenyewe.

HATUA YA SABA: Waache kupiga

Kwanza tujiulize namba zetu zinatoka wapi. Ukiingia jengo lolote la ofisi Kampala Road, askari anakusogezea daftari: jina, simu, unakwenda kwa nani, saa, sahihi. Unaandika chini ya namba za watu ishirini waliokutangulia, na atakayekuja baada yako ataisoma yako. Wakala wa pesa za simu naye ana daftari lake. Kuponi za bahati nasibu za supamaketi, grupu la WhatsApp la mtaa, fomu za shule. Mimi siku hizi nina laini ya pili kwenye kisimu cha vitufe, na ndiyo inayokwenda kwenye madaftari. Kikilia, najua ni biashara.

Uganda ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019, na kanuni zake zilitoka 2021. Inakupa haki ya kuiandikia kampuni iache kutumia taarifa zako kutangaza bidhaa, na kampuni inapaswa kukujibu kwa maandishi ndani ya siku 14: kwamba imetii au itatii, au kwa nini haitii. Neno muhimu hapo ni maandishi. Kufoka kwa simu kunakupunguzia hasira tu. Tuma barua pepe au peleka barua, nawe ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Maneno hayahitaji wakili:

"Mimi ni mwenye namba hii. Tarehe fulani, saa fulani, nilipigiwa na mtu aliyesema anatoka kwenu, kuhusu mfumo wa ulinzi wa nyumba. Natoa notisi kwamba mwache kutumia taarifa zangu kwa matangazo ya biashara. Nijibuni kwa maandishi ndani ya siku 14, na mnieleze namba yangu mliipata wapi."

Ukiandika kwa Kiingereza watajibu upesi zaidi, huo ndio ukweli wa ofisi zetu, hata kama Kiswahili tunaambiwa ni lugha rasmi.

Wakikaa kimya au wakaendelea kupiga, malalamiko yanakwenda Ofisi ya Kulinda Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Kampuni inayokusanya taarifa za watu inapaswa kuwa imesajiliwa nao, na kutaja hilo tu kwenye barua yako hubadilisha lugha ya majibu. Kuuza taarifa za watu ni kosa la jinai chini ya sheria hiyo: faini isiyozidi pointi 245, yaani shilingi 4,900,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa usumbufu wa simu na meseji kwa jumla kuna Tume ya Mawasiliano, UCC, lakini anza na kampuni yako ya simu kwa kupiga 100. Hapo ndipo daftari lako la tarehe na saa litakapokufaa.

Anayepiga na laini mpya kila siku bila jina la kampuni, barua haitamfikia. Huyo ni wa kuzuia, na akitisha, ni wa polisi.

IKIWA UMESHATUMA PESA

Usimpigie yeye kwanza, kwa sababu atakuchelewesha kwa maneno matamu huku akitoa pesa kwa wakala. Piga 100 papo hapo, uombe muamala urudishwe. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti yake kuna matumaini, ikishatolewa matumaini yanapungua sana. Kisha kituo cha polisi, na meseji ya muamala usiifute. Kama ulitoa habari za nyumba na hukutuma pesa, badilisha unachoweza kubadilisha: kufuli, ratiba, nani analala wapi. Mwambie jirani. Mimi nilikwenda kwa Hajati wa nyumba ya pili siku ile ile, na kwa wiki mbili kijana wake alipitisha pikipiki mbele ya geti letu kila jioni. Alikataa pesa, akakubali maandazi.

UKIAMUA KUNUNUA

Tafuta wewe, pigia wewe, tena ulizia kwa mtu ambaye king'ora chake umewahi kukisikia kikilia. Omba bei kwa maandishi kutoka kwa watatu, ikiwa na VAT ya asilimia 18 ndani, na risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, baada ya kulipa. Uliza betri inashika saa ngapi umeme ukikatika, maana giza la umeme kukatika ndilo wakati wa kazi kwa wengine. Ving'ora vingi vina betri ya volti 12 ya saizi ya tofali dogo, inachakaa baada ya miaka michache na hakuna anayekukumbusha. Uliza king'ora kikilia anakuja nani, kutoka kituo gani, na anakuja na nini. Uliza vifaa ni vyako au vya kampuni ukisitisha malipo ya mwezi. Fundi akishaondoka, badilisha nywila ya kinasa picha cha kamera jioni hiyo hiyo. Nimeona nyumba yenye kamera nane na nywila bado ni "admin", yaani fundi aliyezifunga anaweza kuangalia sebule yao akiwa kwake amelala.

Nyumbani kwetu kuna karatasi imebandikwa juu ya meza ya simu, mistari mitatu tu: hatujibu maswali ya nyumba, tunaandika namba, mama atapiga. Binti ndiye aliyeiandika. Wiki iliyopita simu ikalia nikiwa jikoni nakanda unga, akapokea, nikamsikia anasema, "Andikeni barua, siku kumi na nne." Kimya kidogo. "Hapana, dada. Kuhusu mbwa pia, andikeni."